Mwongozo kamili: Kutoa toleo jipya la maktaba ya Linux bila kuangusha programu za watu

Kila Jumamosi tunapokutana na vijana wa programu huria hapa Makulu, Dodoma, lazima mmoja afungue laptopu anionyeshe mstari uleule:

```
error while loading shared libraries: libsaa.so.1: cannot open
shared object file: No such file or directory
```

Mwingine hauoni hata huo. Programu yake inafunguka vizuri, inakaa dakika mbili, inaanguka. Wote wawili wana ugonjwa mmoja: wametoa toleo jipya la maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) kama mtu anayetoa toleo jipya la programu ya kawaida. Ukiharibu programu, anayeumia ni anayeitumia. Ukiharibu maktaba, wanaumia watu ambao hata hawajui kwamba maktaba hiyo ipo kwenye kompyuta zao.

Mwongozo huu ni wa maktaba za C kwenye Ubuntu na Debian. Mfano nitakaokwenda nao mwanzo hadi mwisho ni `libsaa`, maktaba ndogo ya darasani inayogeuza saa ya kompyuta kuwa saa ya Kiswahili: 07:20 inakuwa "saa 1 na dakika 20 asubuhi". Programu inayoitegemea ni `saa-ya-ukutani`, inayokaa pembeni mwa skrini. Toleo lililoko mikononi mwa watu ni 1.4.0. Tunataka kutoa linalofuata.

## Andaa hivi kwanza

Kompyuta yenye Ubuntu 24.04 au Debian. Laptopu yenye betri inayoshika ni bora kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha kuna usumbufu, nitaueleza kwenye hatua ya 9.

Vifurushi vya kazi. Vipakue vyote kwa mkupuo mmoja, ukiwa na bando la kutosha:

```
sudo apt install build-essential git meson ninja-build pkg-config \
  abigail-tools gnupg devscripts debhelper lintian podman
```

Hazina ya git yenye tagi (alama ya kudumu kwenye historia) ya toleo lililopita. Kama hukuweka tagi ya `v1.4.0`, tafuta kwenye historia badiliko ulilolitoa siku ile na uliwekee tagi sasa.

Ufunguo wa GPG wa kutia sahihi matoleo yako, pamoja na nakala yake kwenye flashi unayoiacha nyumbani. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala ya Nkuhungu, usiibiwe na jina lako.

Programu iliyokompailiwa kwa toleo la zamani, ambayo hutaikompaili tena. Hiki ndicho kitu ambacho karibu kila mtu hana, na ndicho chenye thamani kuliko vyote hapo juu. Ukikompaili upya programu yako kila unapobadilisha maktaba, kosa hutaliona kamwe. Watumiaji wako hawakompaili chochote. Wao wanapata faili mpya ya maktaba, na programu yao inabaki ileile ya mwaka jana.

## Hatua ya 1: Jenga toleo la zamani uliweke kando

Ukiwa ndani ya folda ya mradi:

```
git worktree add ../saa-zamani v1.4.0
cd ../saa-zamani
meson setup jenga
ninja -C jenga
gcc -g saa-ya-ukutani.c -I. -Ljenga -lsaa -o saa-ya-ukutani
```

Natumia `git worktree` badala ya kupakua hazina upya kwa sababu haigusi mtandao hata kidogo. Inachota kutoka kwenye historia uliyo nayo tayari.

Meson, chombo cha kuendesha ujenzi, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida huweka taarifa za utatuzi ndani ya maktaba. Tunazihitaji hatua ya 3, kwa hiyo usiongeze `--buildtype=release` hapa. Sasa rudi kwenye folda yako ya kawaida ujenge msimbo mpya kwa njia hiyohiyo. Mwisho wa hatua hii una folda mbili jirani, `saa` na `saa-zamani`, kila moja na `jenga` yake.

## Hatua ya 2: Soma majina matatu ya maktaba moja

Chungulia ndani ya `jenga` utakuta hivi:

```
libsaa.so       -> libsaa.so.1
libsaa.so.1     -> libsaa.so.1.4.0
libsaa.so.1.4.0
```

Faili ni moja tu, ya mwisho. Mbili za juu ni viungo. Lakini kila jina lina mtu wake.

`libsaa.so` ni la anayekompaili: ukiandika `-lsaa`, ndilo linalotafutwa. `libsaa.so.1.4.0` ni la mtunzaji, ili ajue kilichosakinishwa ni kipi. La katikati, `libsaa.so.1`, ndilo lenye mkataba. Limeandikwa ndani ya faili yenyewe na huitwa `SONAME`. Programu inapokompailiwa hulinakili jina hilo tumboni mwake na kuondoka nalo. Jithibitishie:

```
readelf -d jenga/libsaa.so.1 | grep SONAME
readelf -d ../saa-zamani/saa-ya-ukutani | grep NEEDED
```

Amri ya kwanza itakutajia `libsaa.so.1`. Ya pili itakutajia jina hilohilo, kutoka ndani ya programu. Kwa hiyo programu haimwombi mtu "libsaa yoyote" wala "libsaa 1.4.0". Inaomba `libsaa.so.1`, na inaamini kwamba yeyote anayejibu kwa jina hilo ataongea lugha ileile.

Waliohamia Ubuntu 22.04 waliliona jambo hili kwa macho yao. Toleo hilo lilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji fiche, ambayo jina lake ni `libssl.so.3`, na `libssl.so.1.1` ikaondolewa. Programu zilizokuwa zimekompailiwa zamani ziligoma kufunguka. Watu wakalaumu Ubuntu, lakini kugoma kule ndiko kulikuwa sahihi: bora programu ikatae mlangoni kuliko iingie iharibu data. Kosa lilikuwa la waliokimbilia tiba ya kuunda kiungo kinachoitwa `libssl.so.1.1` kinachoelekeza kwenye `libssl.so.3`. Usifanye hivyo kamwe. Ni kumvalisha mgeni shati la marehemu na kutegemea familia isitambue.

## Hatua ya 3: Pima kama umevunja mkataba

Hapa ndipo wengi wanapobahatisha. Mtu anasoma msimbo wake, anaona hajafuta fankisheni yoyote, anajiambia yuko salama. Nami nilijiambia hivyo.

Toleo la 1.4.0 la `libsaa` lilikuwa na hii kwenye faili ya kichwa:

```
struct saa {
    int saa;
    int dakika;
};
void saa_sasa(struct saa *s);
```

Nikaona sekunde hazipo, nikaongeza mstari mmoja chini ya `dakika`: `int sekunde;`. Fankisheni jina lake lilelile, vigezo vilevile. Nikakompaili kila kitu, kikafanya kazi. Nikatoa 1.4.1 nikilala nayo usingizi mnono.

Jumatatu asubuhi akapiga simu mama mwenye steshenari kule Ng'ong'ona, ambaye nilimwekea `saa-ya-ukutani` kwenye kompyuta ya kuchapia.

"Mwanangu, saa yako imekufa. Halafu imeniandikia Kizungu."

"Shikamoo mama. Imeandika nini?"

"Marahaba. Mimi nitajua? Kuna nyota nyota, halafu *stack*, halafu *smashing*."

Ulikuwa mstari huu:

```
*** stack smashing detected ***: terminated
```

Kilichotokea ni hiki. Programu yake ilikompailiwa siku `struct saa` ilipokuwa na namba mbili za baiti 4, jumla baiti 8. Ikatenga baiti 8 kwenye kumbukumbu, ikaipa maktaba anwani yake. Maktaba mpya ikaja na vitu vitatu, baiti 12, ikaandika sekunde mahali ambapo hapakuwa pake. Mlinzi ambaye kompaila ya Ubuntu humweka pale pembeni akakuta ameguswa, akaiua programu. Tena ilikuwa bahati. Pasipo mlinzi, sekunde zingeandikwa juu ya namba nyingine ya programu, na tungekaa wiki nzima tukitafuta kwa nini bei ya fotokopi inabadilika kila sekunde.

Kwenye kompyuta yangu haikuanguka kwa sababu niliikompaili upya. Ndiyo maana ya kile kitu cha mwisho kwenye orodha ya maandalizi.

Kuna chombo cha kulikamata hili kabla simu haijapigwa:

```
abidiff ../saa-zamani/jenga/libsaa.so.1 jenga/libsaa.so.1
echo $?
```

Kitakupa maelezo, na mwisho wake namba. 0 ni kwamba hakuna tofauti. 12 ni kwamba umevunja, bila mjadala. Kwa mfano, umefuta fankisheni. 4 ndiyo inayowaponza watu: maana yake kuna mabadiliko ambayo chombo hakina uhakika nayo, na kinataka mtu asome. Nne si ruhusa ya kuendelea. Soma kila mstari, na ukiona ukubwa wa `struct` umebadilika, umevunja.

Mambo yanayovunja mkataba, kwa uzoefu wangu, kuanzia linalotokea sana:

Kuongeza, kuondoa au kupanga upya vitu ndani ya `struct` ambayo watumiaji wanaitenga wenyewe.

Kuingiza kitu katikati ya `enum`. Hili ni la kimyakimya, halina hata nyota nyota. Tuseme una `ASUBUHI, MCHANA, JIONI, USIKU`, ukaona ni aibu `ALASIRI` kukosekana, ukaiweka mahali pake baada ya mchana. Kuanzia hapo `JIONI` si 2 tena, ni 3. Programu ya zamani inaijua 3 kuwa ni usiku. Saa 12 jioni, jua bado linaonekana juu ya vilima vya Dodoma, saa ya ukutani inasema usiku. Cha kufanya: weka `ALASIRI` mwishoni baada ya `USIKU`, hata kama macho yanauma.

Kubadilisha aina ya kigezo au ya jibu, mfano `int` kuwa `long`.

Kufuta fankisheni, au kuibadilisha jina ili lipendeze.

Kuongeza fankisheni mpya hakuvunji kitu. Hiyo ndiyo njia yangu ya kutokea: niliiondoa 1.4.1, nikairudisha `struct saa` kama ilivyokuwa, nikaongeza `struct saa_kamili` na fankisheni `saa_sasa_kamili`. Wa zamani wanabaki na dakika zao, wapya wanapata sekunde. Ukiwa unaanza maktaba leo, nenda mbali zaidi: usimwonyeshe mtumiaji vilivyomo ndani ya `struct` hata kidogo. Mpe pointa, na fankisheni za kusoma kilichomo. Utabadilisha ndani unavyotaka.

Usidhani ni tatizo la miradi midogo. Ubuntu 24.04 ina vifurushi vyenye mkia wa ajabu, kama `libssl3t64`. Mkia huo umetokana na kuongeza ukubwa wa `time_t`, aina ya namba inayohifadhi muda, kutoka baiti 4 hadi 8 kwenye kompyuta za ARM za biti 32, kwa sababu baiti 4 zinaishiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Dodoma. Aina moja tu imebadilika ukubwa, lakini Debian na Ubuntu zilibidi kubadilisha majina ya mamia ya vifurushi ili programu ya zamani isikutane na maktaba mpya bila kujua. Ni ule ugonjwa wa `int sekunde`, kwa kipimo cha nchi.

## Hatua ya 4: Chagua namba, na ujue ni namba mbili

Namba ya toleo ni ya binadamu. Namba iliyo kwenye `SONAME` ni ya kipakiaji, sehemu ya mfumo inayotafuta maktaba programu inapofunguliwa. Zinaweza kufanana, zinaweza zisifanane, na kuzilazimisha zifanane ndiko kunakowaingiza watu matatani.

Tazama curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni. `libcurl.so.4` ni jina lililoanza mwaka 2006. Namba ya toleo la curl imepanda tangu hapo hadi ikafika 8 mwaka 2023, na maktaba bado inaitwa `libcurl.so.4`, kwa sababu mkataba haujavunjwa. GTK 4, maktaba ya kuchora madirisha, nayo faili yake ni `libgtk-4.so.1`.

Kanuni ninayoitumia:

| Ulichofanya | Toleo | SONAME |
|---|---|---|
| Umerekebisha hitilafu tu | 1.4.0 → 1.4.1 | inabaki 1 |
| Umeongeza fankisheni | 1.4.0 → 1.5.0 | inabaki 1 |
| Umevunja mkataba | 1.4.0 → 2.0.0 | inakuwa 2 |

Sisi tumeongeza `saa_sasa_kamili`, kwa hiyo ni 1.5.0. Kwenye `meson.build`:

```
project('saa', 'c', version: '1.5.0')
shared_library('saa', 'saa.c',
  version: '1.5.0',
  soversion: '1',
  gnu_symbol_visibility: 'hidden',
  install: true)
```

Mstari wa `hidden` unaficha fankisheni za ndani zisionekane nje. Zile za umma uziwekee `__attribute__((visibility("default")))` moja moja. Inachosha, ila fankisheni ambayo haikuonekana hakuna atakayeitegemea, na siku ukiifuta hakuna atakayelia. Tahadhari: kama matoleo ya zamani hayakuwa na mstari huu, kuuweka leo ni kufuta fankisheni mbele ya macho ya watu. Rudia hatua ya 3 baada ya kuuweka.

Kwa wanaotumia Libtool: `-version-info` si mahali pa kuandika namba ya toleo. Ukiandika `1:4:0` ukidhani ni 1.4.0, utapata faili inayoitwa `libsaa.so.1.0.4`. Zile ni namba tatu za hesabu nyingine kabisa, na kupata `libsaa.so.1.4.0` unaandika `5:0:4`. Nimeacha kulieleza ubaoni. Ninawaambia wahamie Meson.

## Hatua ya 5: Endesha programu ya zamani juu ya maktaba mpya

```
export LD_LIBRARY_PATH=$PWD/jenga
ldd ../saa-zamani/saa-ya-ukutani | grep libsaa
LD_BIND_NOW=1 ../saa-zamani/saa-ya-ukutani
unset LD_LIBRARY_PATH
```

`ldd` lazima ionyeshe njia ya folda yako ya `jenga`. Ikionyesha `/usr/local` au `/usr/lib`, unajaribu maktaba nyingine na jaribio ni bure. `LD_BIND_NOW` inailazimisha programu itafute kila fankisheni mwanzoni, badala ya kusubiri mpaka mtumiaji abofye kitufe fulani ndipo igundue kwamba haipo.

Iache ikimbie. Bofya kila kitu. Umefaulu ikiwa inafanya kazi kama jana, bila kukompailiwa upya.

Usiiweke `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc`. Utaisahau, na miezi mitatu baadaye utakuwa unatafuta mchawi.

## Hatua ya 6: Jenga kwenye mashine safi

```
podman run --rm -it -v "$PWD":/kazi docker.io/library/debian:stable bash
```

Ndani yake sakinisha `build-essential`, `meson` na `pkg-config` tu, kisha `cd /kazi` na ujenge kwenye folda mpya. Kompyuta yako ina vitu ulivyosakinisha mwaka juzi na kuvisahau, kontena (mashine tupu ambayo podman inaiunda ndani ya yako) halina. Kama ujenzi unalalamika kwamba faili fulani haipo, basi kila atakayepakua maktaba yako angelalamika hivyohivyo.

## Hatua ya 7: Tagi, tarball na sahihi

```
git tag -s v1.5.0 -m "libsaa 1.5.0"
meson dist -C jenga
cd jenga/meson-dist
gpg --armor --detach-sign saa-1.5.0.tar.xz
gpg --verify saa-1.5.0.tar.xz.asc saa-1.5.0.tar.xz
```

`meson dist` huchukua kilichomo kwenye git pekee, hukijenga, huendesha majaribio, kisha hutoa tarball (msimbo wote katika faili moja iliyobanwa) na faili ya `sha256sum`. Ukiwa na mabadiliko ambayo hujayahifadhi kwenye git, inakataa. Mshukuru, usimzunguke kwa `--allow-dirty`.

Kwa nini nisisitize tarball itoke kwenye git? Tarehe 29 Machi 2024 mwandishi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana mafaili iliyoko karibu kila kompyuta ya Linux, yalikuwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa ssh kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Kipande kilichouwasha mlango huo, `build-to-host.m4`, kilikuwemo kwenye tarball lakini hakikuwemo kwenye git. Waliokuwa wakisoma git hawakukiona. Basi mtu yeyote aweze kuchukua tagi yako, atengeneze tarball, akute kilichomo ni kilekile.

Sukuma tagi: `git push origin v1.5.0`. Ukishaisukuma, usiihamishe. Ukigundua umesahau kitu dakika tano baadaye, meza mate, toa 1.5.1. Namba ni bure. Tagi inayohama inawafanya wengine wawe na 1.5.0 mbili tofauti, na sahihi yako haimaanishi kitu tena.

Kwenye faili ya `NEWS` andika kilichoongezwa, kilichorekebishwa, na sentensi moja wazi: "Programu zilizokompailiwa kwa 1.4 hazihitaji kukompailiwa upya." Watunza vifurushi wanatafuta sentensi hiyo tu.

## Hatua ya 8: Kifurushi cha Debian

Gawa maktaba katika vifurushi viwili. `libsaa1` kina `libsaa.so.1` na `libsaa.so.1.5.0`. `libsaa-dev` kina `libsaa.so`, faili ya kichwa na faili ya `pkg-config`. Ile 1 kwenye jina la kifurushi ndiyo ile ya `SONAME`. Siku utakapotoa 2, kifurushi kitaitwa `libsaa2`, na vyote viwili vitakaa kwenye kompyuta moja bila kugombana, kwa sababu hakuna jina la faili linalofanana. Ukiiweka `libsaa.so` ndani ya `libsaa1`, umeua uwezo huo.

Kisha `debian/libsaa1.symbols`:

```
libsaa.so.1 libsaa1 #MINVER#
 saa_maneno@Base 1.4.0
 saa_sasa@Base 1.4.0
 saa_sasa_kamili@Base 1.5.0
```

Faili hii inasema kila fankisheni ilizaliwa toleo gani. Programu inayotumia `saa_sasa` pekee itaomba 1.4.0 au zaidi; inayotumia mpya itaomba 1.5.0. Na ukifuta fankisheni iliyoorodheshwa, ujenzi unasimama. Ni mlinzi wa pili baada ya `abidiff`.

```
dch -v 1.5.0-1 "Toleo jipya"
dpkg-buildpackage -us -uc
lintian ../*.changes
```

Lintian, mkaguzi wa vifurushi, ikitaja `package-name-doesnt-match-sonames`, rudi hatua ya 4. Umebadilisha namba moja ukasahau nyingine. Malalamiko mengine mengi yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

## Hatua ya 9: Kupandisha toleo kwa mtumiaji

Kabla ya kusakinisha, igiza:

```
apt-get -s install ./libsaa1_1.5.0-1_amd64.deb
```

Tafuta mistari inayoanza na `Remv`. Ukiiona, kusakinisha kutaondoa kitu cha mtu. Simama ujue kwa nini. Isipokuwepo, fanya kweli kwa `sudo apt install` na njia ileile ya faili.

Usinakili faili ya maktaba kwa `cp` juu ya ile ya zamani. Najua inaonekana haraka. `cp` huandika ndani ya faili ileile ambayo programu zilizo wazi zinaisoma wakati huohuo, na zinaweza kuanguka zote mara moja. `dpkg` huweka faili mpya pembeni kisha hubadilisha jina, hivyo waliofungua ya zamani wanaendelea nayo. Kama ni lazima ufanye kwa mkono, tumia `install`, ambayo huondoa ya zamani kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, programu iliyokuwa wazi inaendelea na maktaba ya zamani mpaka ifungwe. Zitafute:

```
sudo grep -l 'libsaa.*deleted' /proc/[0-9]*/maps
```

Zifunge uzifungue, au mwombe mtumiaji atoke kwenye akaunti yake aingie tena.

Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiwaka `apt` itakataa kufanya lolote. Usianze kufuta mafaili. `sudo dpkg --configure -a` humalizia palipoishia, na mara nyingi ndiyo hiyo tu.

Sasa lile kosa la mwanzo wa mwongozo. Karibu kila mara mhusika aliendesha `sudo ninja install`. Meson huweka maktaba chini ya `/usr/local`, lakini inaweza isimwarifu kipakiaji. Hapo ukisahau `sudo ldconfig`, faili ipo na mfumo hauijui. Anayekumbuka `ldconfig` naye ana balaa lake: nakala ya `/usr/local` hutazamwa kabla ya ile ya kifurushi. Miezi sita baadaye anasakinisha kifurushi kipya na hakuna kinachobadilika.

```
ldconfig -p | grep libsaa
```

Ukiona mistari miwili yenye `libsaa.so.1`, ingia folda ya ujenzi wa zamani, `sudo ninja uninstall`, kisha `sudo ldconfig`. Ubaki mstari mmoja.

Mambo yakiharibika, rudi nyuma kwa kifurushi cha zamani ambacho bila shaka ulikihifadhi:

```
sudo apt install --allow-downgrades ./libsaa1_1.4.0-1_amd64.deb
sudo apt-mark hold libsaa1
```

`hold` inazuia kifurushi kisipandishwe tena usiku wakati hujui. Andika kwenye karatasi uibandike pembeni ya skrini, pamoja na tarehe, kwamba umekizuia. Siku marekebisho ya usalama yatakapotoka, kompyuta hiyo haitayapata mpaka mtu aandike `sudo apt-mark unhold libsaa1`. Kwa mama wa steshenari karatasi hiyo ilikaa siku nne.